Mtoto ananenepa, mama ananyauka: Shangazi anajibu

Mwezi huu barua za watoto na mizani zimefurika. Nimechukua nne. Ya kwanza nimeiacha ndefu kama ilivyokuja, nimetoa tu vitu vya kumtambulisha mwenyewe, maana kuikatakata ningekuwa namfanyia kile kile alichofanyiwa kliniki.

BARUA YA KWANZA

Shangazi shikamoo. Naandika hii saa nane usiku nimejifungia chooni maana ndo sehemu pekee naweza kulia bila mtu kuniuliza. Nina mtoto wa kiume wa miaka miwili na nusu. Wiki iliyopita nilimpeleka kliniki, nesi akampima akaangalia kadi akacheka, akasema mama huyu unamlisha nini, kapitiliza, mpunguzie chakula, haya mwingine aje. Basi, nikatoka.

Ukweli Shangazi mi huyu mtoto tangu azaliwe sijawahi kusikia ile kitu watu wanasimulia, eti ukimshika mara ya kwanza dunia inabadilika. Yangu haikubadilika. Nilimwangalia nikaona kama ni mtoto wa mtu nimeombwa nimshikie kidogo. Nikasema itakuja tu, haijaja mpaka leo. Namwogesha, namvalisha, sijawahi kumpiga, lakini nafanya kama mtu aliyeajiriwa anasubiri zamu iishe. Akilia mi nasikia kelele, kichwa kinataka kupasuka, nampa chupa au kitu kitamu ananyamaza. Usiku akiamka chupa. Akianguka kitu kitamu. Siku ambazo sina nguvu za kuinuka, na siku hizo ndo nyingi, nampa simu na kitu cha kutafuna mi najilaza pembeni naangalia ukuta.

Kuna wakati anakuja ananigusa shavu ananitazama usoni kama kuna kitu anakitafuta, nataka nitabasamu, uso unakataa, yani unakataa kabisa, afu anaondoka mwenyewe anaenda kufungua kabati la chakula. Hiyo ndo inaniua.

Wifi yangu juzi kanisomea kwenye simu kwamba watafiti wamegundua watoto wasiopendwa na mama zao wananenepa. Akacheka. Mi sikucheka. Mwanangu nampenda kwa kichwa, moyo ndo sijui uko wapi. Naomba uniambie, ni kweli mi ndo nimemnenepesha? Na nimkatie chakula au nifanyeje?
Mama wa Saa Nane

SHANGAZI:

Marahaba mwanangu. Kwanza shusha pumzi.

Nimeisoma barua yako mara tatu na mara zote nakwama pale pale, pale mtoto anapokuja kukugusa shavu. We umeiandika kama ushahidi wa kukufunga. Mi nikisoma naona mtoto ambaye baada ya muda wote huo akitaka kitu cha moyo bado anaanzia kwa mama yake, kabati linakuja la pili. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Sasa huo utafiti wa wifi. Upo, ila wifi kasoma kichwa cha habari akaishia hapo. Ulifanyika Marekani, miongoni mwa waliofanya ni Sarah Anderson na Robert Whitaker, matokeo yalitoka kwenye jarida la Pediatrics mwishoni mwa 2011. Walichukua taarifa za watoto 977 waliozaliwa 1991 ambao walikuwa wanafuatiliwa tangu wachanga, na walipokuwa na miezi 15, 24 na 36 waliangaliwa wakiwa na mama zao, yani mama anasoma ishara za mtoto au hazioni, mtoto akipata hofu anamkimbilia mama au la na akimfikia anatulia au anazidi, afu baadaye wakaangalia uzito wao wakiwa na miaka 15. Wale ambao ukaribu wao utotoni ulikuwa dhaifu kuliko wote, asilimia 26.1 walikuwa na unene wa kupindukia. Wale wa ukaribu mzuri ilikuwa asilimia 13. Mara mbili, ndo hiyo wifi aliichekea.

Haya igeuze hiyo namba uione mgongo wake. Katika kila watoto 100 wa lile kundi dhaifu kabisa, kama 74 hivi hawakuwa na huo unene. Na lile kundi la kusifiwa nalo lilikuwa na wake 13. Watu hao hao wawili walikuwa na utafiti mwingine mwaka huo huo wa watoto 6,650, ukaribu ukapimwa mtoto ana miaka miwili na uzito akiwa na minne na nusu, hapo wenye unene wakawa asilimia 23.1 kwa wale wa ukaribu dhaifu na 16.6 kwa wale wa ukaribu mzuri, mwelekeo ule ule ila pengo limepungua. Na tafiti za namna hii zinakuonyesha mambo mawili yanatembea pamoja tu, haziwezi kuapa kwamba hili ndo limelizaa lile, maana nyumba yenye mama anayeumwa mara nyingi ina na mengine, pesa hamna, usingizi hamna, msaada hamna.

Halafu hakuna sehemu walipima mapenzi! Hilo neno kaliweka wifi. Kilichopimwa ni kusomana. Mama anaweza kumpenda mtoto kiasi cha kumrukia motoni na bado asimsome, kwa sababu anaumwa, kama vile mtu mwenye homa kali anavyoshindwa kufuatilia mazungumzo na si kwamba anawadharau wageni.

Kwa hiyo unaniuliza kama ni wewe uliyemnenepesha. Sitakudanganya, zile chupa za usiku na vitu vitamu vimechangia. Ila aliyeshika ile chupa ni ugonjwa wako.

Nikueleze inavyokwenda. Mtoto mdogo hana breki zake. Akiogopa au akichoka au akikasirika mwili wake unamwaga homoni za stresi, kortisoli ikiwemo, na yeye hajui kuzishusha, anaazima utulivu wa mtu mzima, anabebwa, anaongeleshwa, anapigwapigwa mgongo, anatulia. Ameazima mara elfu, mwishowe anajifunza kujituliza. Sasa kama kila aina ya kilio, cha uchovu, cha hofu, cha upweke, cha kuchoshwa tu na ukuta, kinajibiwa na kitu mdomoni, mtoto anaelewa kwamba dawa ya kila hisia ni kula, na pole pole anaacha kulisikiliza tumbo lake likisema basi. Ongeza usiku. Mtoto wa umri wake anatakiwa alale masaa 11 mpaka 14 ukijumlisha na usingizi wa mchana, Shirika la Afya Duniani ndo linasema, na simu isizidi saa moja kwa siku. Asiyelala vizuri huwa na hatari zaidi ya kuongezeka uzito, na mama yake naye asiyelala anazidi kuzama. Mnavutana chini nyote wawili.

Na chakula peke yake hakijawahi kuwa ukaribu. Kuna majaribio ya mwanasaikolojia Harry Harlow ya 1958, mi binafsi nayaona ni unyama maana alitenganisha watoto wa nyani na mama zao, lakini alichokiona kilifuta imani ya zamani kwamba mtoto anamng'ang'ania mama kwa ajili ya maziwa tu. Aliwawekea mama bandia wawili, mmoja wa waya ana chupa ya maziwa, mwingine wa kitambaa laini hana kitu. Vile vinyani vilikuwa vinaenda kwa yule wa waya kunyonya tu, vikimaliza vinarudi kumng'ang'ania yule wa kitambaa masaa na masaa. Mtoto wako anapokugusa shavu anatafuta kitambaa.

Sasa la kumkatia chakula. Hapana. Usimfungie kabati, usimnyime, usimlinganishe na watoto wa watu, na mtu asimwite kibonge mbele yako. Mtoto wa umri huu kwa kawaida hatafutiwi kupungua kilo, anatafutiwa kutoongezeka haraka ili urefu umkute uzito. Na hata huo uzito uangaliwe vizuri, kwa chini ya miaka mitano wanapima uzito dhidi ya urefu na kuangalia mchoro, siyo kilo peke yake na siyo siku moja. Urefu alipimwa? Hujaniambia, nahisi hakupimwa. Cha kufanya kwenye chakula ni kidogo tu, we uamue nini na saa ngapi, yeye aamue kiasi gani. Akigeuza kichwa, akisukuma, akianza kuchezea chakula, kashiba, ondoa bila ugomvi. Chupa ya usiku punguza maziwa pole pole mpaka ibaki maji. Vitu vitamu visikae nyumbani kwa muda, hapo hutahitaji kupigana naye, vikiisha vimeisha. Inatosha. Zaidi ya hapo usijipe kazi sasa hivi, huna nguvu.

Kwa sababu kazi kubwa ni wewe. Mwanangu, hiyo uliyoieleza, kutosikia chochote, kuishiwa nguvu karibu kila siku, kuangalia ukuta, kulia saa nane usiku, kwa macho yangu ni sonona, depresheni, na inaonekana ilianza ulipojifungua na hakuna aliyekuuliza. Zile siku za machozi machozi baada ya kuzaa zinawapata wanawake wengi na huwa zinaisha zenyewe ndani ya wiki mbili. Ikipita hapo ni kitu kingine, na ikiachwa inaweza kukaa miaka. Mi si daktari kwa hiyo usinichukue mimi kama kipimo, kipimo kipo, ni maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, hamu ya vitu, usingizi, nguvu, kujilaumu na kadhalika, kila swali alama 0 mpaka 3, ukifika 10 na kuendelea wanatakiwa wakuchunguze zaidi. Dakika tano tu. Linalouma ni kwamba yule nesi alikuwa na hizo dakika tano, mtoto kawekwa kwenye mizani na mama kasimama pale pale amenyauka na hakuna aliyemwangalia usoni!

Ukirudi kliniki usianze na mtoto. Sema hivi, mimi tangu nijifungue sijisikii vizuri, sina hamu na kitu, naomba kupimwa sonona. Nenda na mtu mmoja unayemwamini, wifi mwache nyumbani. Kuna matibabu ya kuzungumza na mtaalamu na kuna dawa, wengine wanapewa kimoja wengine vyote viwili, na watu wanapona kabisa. Na kama kwenye yale machozi ya chooni limeshawahi kupita wazo la kujidhuru au kwamba afadhali usingekuwepo, hilo usilingojeshe kliniki ya wiki ijayo, mwamshe mtu usiku huo huo mwende hospitali.

Wakati unasubiri, lile shavu. Sikwambii ucheze naye siku nzima, ningekuwa nakutania. Dakika kumi kwa siku, simu iko chumba kingine, mkae chini, ye achague mchezo we fuata, sema unachokiona, umepanga, kimeanguka, umecheka. Usisubiri moyo ufunguke ndo uanze, fanya hata moyo ukiwa mzito, mikono itangulie. Na uso ukikataa kutabasamu mwambie kwa mdomo, mama amechoka lakini nimekuona, mshike mkono. Kuna mtafiti anaitwa Edward Tronick, miaka ya 1970 aliwaambia akina mama wacheze na watoto wachanga afu ghafla wafanye uso mkavu kwa dakika chache bila kujibu. Watoto walijaribu kila kitu, kutabasamu, kunyoosha mikono, kupiga kelele, mwisho wanageuza uso. Najua hapo unajiona. Lakini mama anaporudi, mtoto naye anarudi, wanatengeneza. Na jambo jingine alilokuja kulionyesha ni kwamba hata akina mama wasio na shida yoyote na watoto wao wanakuwa sambamba karibu theluthi moja tu ya muda, theluthi mbili wanapishana wanarekebisha wanapishana tena. Kwa hiyo hata wifi yako na hao wa kwake wanapishana.

Niandikie tena ukishaenda. Na ukiandika saa nane usiku, andika ukiwa kitandani, chooni kuna baridi.

BARUA YA PILI

Salaam dada. Mimi ni bibi, nimestaafu, naishi na kijana wangu na mke wake. Mkwe wangu kajifungua miezi mitano iliyopita. Tatizo mtoto haongezeki, miezi miwili mfululizo uzito umesimama pale pale. Mkwe mwenyewe haongei, ananyonyesha huku anaangalia dirishani, mtoto akiacha ziwa hamrudishi, akilala hamwamshi. Mi nilidhani ni dharau au uvivu, nikamsema sana, sasa naona kama nilikosea maana hata nikimsema hajibu wala hakasiriki. Nataka nimchukue mtoto nimlishe mwenyewe. Ni sawa?
Bibi Mwenye Wasiwasi

SHANGAZI:

Dada yangu, umeshagundua mwenyewe kilichonifanya nichague barua yako, mtu mwenye dharau hujibu. Huyo anayesemwa na hakasiriki, kuna kitu kimemzidi.

Umesoma barua ya juu ukaona huyo wa kwake kanenepa, ukajiuliza ugonjwa gani huu huku unanenepesha huku unakondesha. Ndo huo huo. Mama akiishiwa nguvu, pale ambapo chakula ni cha kunyoosha mkono mtoto anajazwa ili anyamaze, na pale ambapo kulisha kunataka jasho na subira, kumwamsha, kumrudisha kifuani mara ya tatu ya nne, mtoto anapungukiwa. Mwaka 2011 jarida la Shirika la Afya Duniani lilitoa uchambuzi uliokusanya tafiti 17 kutoka nchi 11, ukaonyesha watoto wa akina mama wenye dalili za sonona walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na uzito mdogo na wa kudumaa, takriban mara moja na nusu ukilinganisha na wengine.

Jambo la kwanza, kesho asubuhi mtoto apelekwe. Uzito kusimama miezi miwili kwa mtoto wa miezi mitano si wa kusubiri, kwa umri huo watoto wengi wanakuwa wanakaribia au wameshafikisha mara mbili ya uzito waliozaliwa nao. Waangalie anavyoshika ziwa, waangalie kama ana ugonjwa mwingine. Na kama anakataa kunyonya kabisa, anatapika kila kitu, kalegea haamki vizuri au kapata degedege, hiyo ni leo na siyo kesho.

Na mama apimwe siku hiyo hiyo. Kuna maswali 10 yanaitwa kipimo cha Edinburgh, yametumika tangu 1987 duniani kote, yanauliza siku 7 zilizopita, lile la kumi linauliza kuhusu mawazo ya kujidhuru na hilo halirukwi hata jumla ikiwa ndogo. Muombe nesi faragha, we utoke nje, mbele ya mama mkwe hakuna atakayejibu ukweli, usinune.

Kumchukua mtoto, hapana dada. Chukua kila kitu kingine. Chukua kufua, chukua kupika, chukua wageni, usiku mtoto akiamka mchukue umbadilishe umpeleke kwa mama yake akiwa tayari, mama anyonyeshe tu afu we umrudishe kulala. Ukimnyang'anya mtoto utakuwa umemthibitishia kile ambacho sonona inamnong'oneza kila siku kwamba hafai. Na hapo uliposema ulimsema sana, rudi umwambie umekosea. Itakuwa ngumu, najua, mkwe kuombwa msamaha na mama mkwe si jambo la kila siku.

Nina mfano wa Pakistan ambao naupenda kwa sababu haukutumia mabingwa. Walifundisha wahudumu wa afya wa kawaida wa vijijini, wasio na digrii yoyote ya saikolojia, wakawa wanawatembelea akina mama wenye sonona nyumbani kuanzia mwezi wa mwisho wa ujauzito mpaka mtoto amefika miezi 10, wanazungumza nao kwa mpangilio maalumu. Matokeo yalitoka 2008, akina mama 903. Mtoto alipofika miezi sita, waliotembelewa hivyo waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23, wale waliotembelewa tu bila yale mazungumzo asilimia 53. Watoto wao waliharisha mara chache kuliko wale wengine, chanjo zilikamilika zaidi, na wazazi walicheza nao zaidi. Lakini sikufichi na hili, uzito na urefu wa watoto haukutofautiana vya maana. Ndo maana nakwambia mama na mtoto wote wawili kwa pamoja, usije ukasema ngoja kwanza mama apone mtoto atakuja kunenepa mwenyewe.

Watakwambia dawa za sonona na kunyonyesha haviendani. Zipo zinazotumika, sertraline kwa mfano inaingia kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana na madaktari wengi huianza kwa mama anayenyonyesha. Aamue daktari, asimwachishe mtoto ziwa kwa maneno ya jirani.

Kingine, akianza kusikia sauti, kuona vitu, kukaa siku bila kulala na hachoki, kusema maneno yasiyoshikamana kuhusu mtoto, hiyo si sonona ya kawaida, ni ugonjwa wa akili wa baada ya kujifungua, unampata mama mmoja au wawili katika kila 1,000 na mara nyingi ni ndani ya wiki chache za mwanzo, nyie mmeshapita huko ila lijue tu. Hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo na asiachwe peke yake na mtoto.

BARUA YA TATU

Shangazi acheni kuharibu mabinti. Sisi tumezaa watoto saba saba, hatukuwa na depresheni, tulikuwa na kazi za kufanya.
Mzazi wa Zamani

SHANGAZI:

Shikamoo. Takwimu za Shirika la Afya Duniani kwa nchi zinazoendelea ni asilimia 19.8 ya waliojifungua, karibu mmoja kati ya watano, wanapata tatizo la afya ya akili na zaidi ni hii hii sonona. Sasa kaa uwahesabu mashoga zako watano wa ujana wako. Kulikuwa na mmoja mliyekuwa mnamwita mvivu, au mwenye kisirani, au yule aliyebadilika baada ya kuzaa. Jina lake mnalikumbuka. Na mi nilikuwa mmoja wa hao kwa mtoto wangu wa pili, niliitwa mwenye maringo mwaka mzima.

BARUA YA NNE

Shangazi habari. Mke wangu kapimwa kaambiwa ana depresheni, kaanza dawa wiki ya pili sasa, haoni tofauti anataka kuacha. Mtoto wetu ana mwaka na nusu, kaambiwa uzito umezidi. Mi nafanya kazi narudi jioni, nikirudi mtoto ananing'ang'ania mimi, mke anaumia anasema unaona hanitaki. Sasa nimeanza kumkwepa mtoto ili amwendee mama yake. Na mi mwenyewe siku hizi sijielewi, nakasirika hovyo, nikifika nyumbani nakaa nje kwenye gari nusu saa ndo naingia.
Baba wa Jioni

SHANGAZI:

Baba, usimkwepe mtoto! Nia yako nzuri, matokeo mabaya, atakuwa kawakosa wawili badala ya mmoja. Mtoto anaweza kushikamana na zaidi ya mtu mmoja, hamgawani keki hapo kwamba ukipata we basi mwenzio kakosa. Ukimfanya atulie kwako, anarudi kwa mama akiwa mtulivu, na mtoto mtulivu ni rahisi hata kwa mama mgonjwa kumshika. Jaribu hivi, ukifika mchukue, afu mkae wote watatu sehemu moja, mtoto akiwa mapajani kwako miguu iwe kwa mama. Usimsukume kwake, mwache aende.

Kwenye uzito, chukua jioni iwe yako. Chakula cha jioni mezani, runinga imezimwa, saa ya kulala ile ile kila siku, kuoga, hadithi, taa. Usingizi wake utanyooka na zile kulishana za usiku zitapungua zenyewe, na mkeo atalala, ambayo kwake ni nusu ya dawa.

Dawa zenyewe asiache. Wiki mbili ni mapema, kwa kawaida huanza kuonyesha kitu kati ya wiki ya pili na ya nne, wengine mpaka ya sita, na kuzikata ghafla kunaleta kizunguzungu na mengine yasiyo na raha. Kama zinamsumbua arudi kwa dokta azibadilishe, msiamue chumbani kwenu. Ila siku za mwanzo hizi mwangalie kwa karibu, ukiona kazidi kuzama au anaongea habari za kufa, usisubiri tarehe ya miadi.

Na hiyo nusu saa ya kwenye gari. Nimeiona. Kwa akina baba nao uchambuzi mkubwa wa 2010 ulipata karibu asilimia 10 wana sonona katika kipindi cha ujauzito na mwaka wa kwanza, na inaongezeka mama akiwa nayo, sema kwa wanaume mara nyingi inatoka kama hasira na watu wanadhani ni tabia. Utakapompeleka mkeo miadi inayofuata, ingia naye ndani, na akimaliza kujibu yale maswali 9 omba karatasi ya pili ujaze na wewe.